Kujifunza Kupiga Picha za Dijitali kwa Intaneti: Tafsiri Isiyoishia kwenye Maneno

Utangulizi

Tarehe 7 Julai 2023 idara yetu iliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani katika ukumbi wa chuo. Siku hiyo ilitangazwa na UNESCO mnamo Novemba 2021, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kwetu hapa Uganda, ambapo Kiswahili kimepitia vipindi vya kupendwa na vipindi vya kuchukiwa, sherehe ilikuwa kubwa. Mgeni wetu wa heshima alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiswahili katika miaka ambayo watu wengi jijini Kampala walikiona kuwa lugha ya wanajeshi tu. Alizungumza kwa nusu saa bila karatasi mkononi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kamera ya idara, nami nilipiga picha 43.

Mwezi Januari uliofuata mzee yule alifariki dunia. Familia yake ilimtuma mjukuu kuja kutuomba picha ya siku ile, kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho alipovaa kanzu na koti akasimama mbele ya watu. Tuliwasha kompyuta, tukazitazama picha zote 43. Madirisha ya ukumbi yalionekana vizuri sana. Bendera zilionekana. Kanzu ilionekana. Uso wa mzee ulikuwa doa jeusi. Tulijaribu kuongeza mwanga kwa programu ya kuhariri picha, ukatokea uso wa kijivu uliojaa chenga, usiofaa kuwekwa kwenye fremu. Kijana alitushukuru kwa adabu, akaondoka na picha ya kikundi ambamo babu yake ni wa tatu kutoka kushoto, mdogo kama ukucha.

Kamera ile haikuwa mbovu. Mpigaji ndiye aliyekuwa hajui. Kwa kuwa chuo chetu hakina kozi ya upigaji picha, na ada za kozi za mjini haziendani na mshahara wa mhadhiri, niliamua kujifunza mwenyewe kwa intaneti. Makala haya yanaeleza nilivyotafuta, nilichokipata, na kosa ambalo lingeniondoa njiani. Hoja yangu ni hii: mafunzo ya bure yapo tele, lakini mengi yameandikwa chini ya jua jingine, na waandishi wake walikuwa na nyuso nyingine mbele yao. Anayejifunza hana budi kuyatafsiri. Na tafsiri, ndugu zangu walimu, ndiyo kazi yetu.

Kabla ya Kutafuta, Jua Unachouliza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika katika kitafutio maneno ya jumla, yaani "namna ya kupiga picha nzuri". Nililetewa matangazo ya kamera, matangazo ya simu, na orodha za siri kumi ambazo hazikuwa siri. Kitafutio ni kama mkutubi asiyekujua: ukimwomba kitabu kizuri atakupa chochote kile, lakini ukimtajia mada atakupeleka kwenye rafu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ni lazima mtu ajue mambo matatu yanayotawala kila picha.

Kamera ni chumba cha giza chenye mlango mmoja. Hebu fikiria zizi la mbuzi wakati wa jioni. Idadi ya mbuzi watakaoingia hutegemea upana wa lango na muda ambao lango limeachwa wazi. Upana wa lango ndio tundu la lenzi. Muda ndio kasi ya shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kujifunga unapobonyeza. Ukitaka nuru ileile iingie, unaweza kupanua lango na kupunguza muda, au kulibana lango na kuongeza muda.

Jambo la tatu ni ISO, namba inayoonyesha wepesi wa kamera kuihisi nuru. Hili linafanana na kipaza sauti. Msemaji mwenye sauti ndogo utamsikia ukiongeza sauti ya spika, lakini mikwaruzo nayo itaongezeka. Hali kadhalika, ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 6400 utapata picha ndani ya chumba chenye giza, lakini utapata na chenga.

Namba za tundu humchanganya kila anayeanza, kwa sababu namba ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Sababu yake ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye 2, tundu lake lina upana wa milimita 25; ikiwekwa kwenye 16, tundu hubaki milimita 3 hivi. Mfuatano wa kawaida ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua hupunguza nuru kwa nusu. Kasi nazo hufuatana kwa nusu: 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250, 1/500.

Aidha, kila uamuzi una matokeo yake mengine. Tundu kubwa huacha mhusika peke yake akiwa wazi, na vilivyo nyuma yake vikawa kama ukungu. Tundu dogo huonyesha vya karibu na vya mbali kwa pamoja. Kasi ya 1/500 humgandisha mcheza ngoma akiwa angani, ilhali kasi ya 1/15 hutia ukungu kwa mtetemo wa mkono wako tu. Hayo yakieleweka, mtafutaji anaweza kuandika katika kitafutio maneno ya Kiingereza yanayohitajika, ambayo ni aperture, shutter speed na ISO. Kuanzia hapo majibu hubadilika kabisa.

Mahali pa Kujifunzia bila Malipo

Sitaorodhesha tovuti nyingi, kwani wingi ndio unaopoteza watu. Nitataja zile nilizozitumia, na kila moja inafaa nini.

Ya kwanza ni Cambridge in Colour, iliyoanzishwa na Sean McHugh. Hii ni kama kitabu cha kiada. Masomo yake yanaeleza kwa nini jambo linatokea, na mengine yana michoro inayobadilika unapoigusa. Maudhui hayo baadaye yalitoka kama kitabu mwaka 2018. Mwanafunzi anayependa kujua sababu aanzie hapa.

Ya pili ni Digital Photography School, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Darren Rowse wa Australia. Makala zake ni fupi na lugha yake ni nyepesi. Inamfaa mtu mwenye dakika kumi kati ya kipindi na kipindi. Hata hivyo, imechanganyika na matangazo ya kozi za kulipia, hivyo msomaji awe na subira.

Ya tatu ni mihadhara ya Marc Levoy, profesa aliyefundisha somo la upigaji picha wa dijitali katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2016 aliifundisha upya mihadhara hiyo katika kampuni ya Google, ikarekodiwa na kuwekwa YouTube ili kila mtu aitazame. Ni mihadhara 18. Ina hisabati kidogo, lakini asiyependa hisabati anaweza kuiruka sehemu hiyo na bado akafaidika.

Ya nne ni kozi ya jumba la makumbusho la MoMA la New York iitwayo Seeing Through Photographs, iliyowekwa kwenye jukwaa la Coursera mwaka 2016. Kozi hii haifundishi vitufe. Inafundisha kuisoma picha kama tunavyosoma shairi: nani kaipiga, kwa nini, na nini kimeachwa nje. Walimu wa fasihi wataipenda. Masharti ya kusoma bila kulipa katika majukwaa ya namna hii hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo yasome kwanza kabla ya kujiandikisha.

Ya tano inawahusu hasa watafiti wetu. Ni kitabu kiitwacho Remote Capture, kilichotolewa mwaka 2018 na Open Book Publishers, ambacho kinapatikana bure. Kiliandikwa kutokana na uzoefu wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Kinaeleza jinsi ya kupiga picha nyaraka kuukuu mahali pasipo na studio wala umeme wa uhakika. Mpango huo ndio uliogharimia pia upigaji picha wa hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Mwanafunzi anayekwenda kwa mzee mwenye barua za zamani au tenzi zilizoandikwa kwa mkono asiondoke chuoni kabla ya kukisoma.

Kwa upande wa programu, hakuna haja ya kununua wala ya kutumia nakala za wizi. GIMP, iliyotoka mwaka 1996, huhariri picha. Darktable na RawTherapee hushughulikia faili ghafi, nazo zote ni za bure. Kwa wenye simu za Android, ipo Open Camera, inayomruhusu mtu kurekebisha mengi ambayo kamera ya kawaida ya simu huyaficha.

Namna ya Kupima Tovuti

Tovuti nilizozitaja zinaweza kufungwa kesho. DPReview, iliyoanza mwaka 1998, ilitangaziwa kufungwa mwaka 2023 ikanusurika kwa kununuliwa na kampuni nyingine. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Kwa hiyo ni bora mwanafunzi awe na kipimo chake mwenyewe kuliko kuwa na orodha yangu. Mimi hutumia maswali manne.

Je, ukurasa unaonyesha picha pamoja na namba zilizotumika kuipiga? Mwalimu asiyeonyesha kazi yake si wa kuaminiwa. Je, unafundisha nuru au unauza vifaa? Ukiona kila aya inaishia kwenye jina la lenzi mpya, ondoka. Je, uliandikwa lini? Somo la nuru la mwaka 2005 bado ni zuri, kwa sababu nuru haijabadilika. Somo la programu la mwaka huohuo limekwisha wakati. Je, unaweza kuuhifadhi? Ukurasa mzuri uchapishe kuwa faili la PDF siku hiyohiyo unapoupata.

Picha za Wengine kama Kitabu cha Mazoezi

Chanzo kilichonifaa kuliko masomo yote hakikuwa somo. Ni Wikimedia Commons, ghala la picha huria lililoanzishwa mwaka 2004. Kila kamera ya dijitali huandika ndani ya faili la picha taarifa zake: tundu, kasi, ISO, milimita za lenzi, tarehe na saa. Mpiga picha asipozifuta, Wikimedia Commons huzionyesha katika jedwali chini ya ukurasa wa picha. Tovuti ya Flickr, iliyoanza pia mwaka 2004, hufanya vivyo hivyo kwa picha nyingi.

Zoezi lenyewe ni hili. Chagua picha inayokupendeza. Usitazame jedwali. Jiulize: je, vilivyo nyuma vina ukungu? Basi tundu huenda ni kubwa. Je, maji ya mto yanaonekana kama pamba? Basi shata ilikaa wazi muda mrefu. Kuna chenga katika sehemu za giza? Huenda ISO iko juu. Andika makisio yako kwenye daftari, halafu shuka chini ulinganishe na jedwali. Mwanzoni nilikosa karibu zote. Baada ya picha kama 60 nilianza kupatia nyingi. Ni zoezi lilelile la kumpa mwanafunzi kifungu cha habari na kumtaka akisie maana ya neno kabla ya kufungua kamusi.

Nawashauri kuanza na picha za mashindano ya Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014 kwa mada ya vyakula, na mwaka 2017 yakawa na mada ya watu wakiwa kazini. Humo mtaona masoko, viwanja na nyuso zinazofanana na zetu. Jambo hilo linanifikisha kwenye kiini cha makala haya.

Jua Letu na Nyuso Zetu

Nilifuata masomo kwa miezi miwili na bado picha zangu zikawa na kasoro. Nilidhani sijui Kiingereza vizuri. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimetafsiri maneno bila kutafsiri mazingira.

Chukueni mfano wa dirisha. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani humshauri mpiga picha amweke mtu karibu na dirisha linalotazama kaskazini, kwani jua halipiti hapo na nuru huwa laini siku nzima. Ushauri huo ni sahihi London. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini ni zuri mwezi Desemba, lakini mwezi Juni linaweza kuleta miale mikali usoni. Mtu akiukariri ushauri huo bila kuutafakari atapatia nusu ya mwaka na kukosea nusu nyingine, asijue sababu.

Vivyo hivyo kuhusu ile saa ya dhahabu inayosifiwa kila mahali, yaani muda wa jua la asubuhi na la jioni. Kwetu jua hushuka wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi kuzama huchukua kiasi cha dakika 25. London mwezi Juni mwendo huohuo huchukua karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu jua la huko huteremka kwa mshazari. Mpiga picha wa hapa anayetaka nuru ya jioni awe tayari kabla ya saa kumi na mbili na robo, wahusika wamekwisha kupangwa, la sivyo ataikuta giza.

Jambo zito zaidi ni la nyuso. Kipima nuru cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba, kwa wastani, kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha kati. Kikiona weupe mwingi hudhani nuru imezidi na kuipunguza. Kikiona weusi mwingi hudhani nuru haitoshi na kuiongeza. Ndiyo maana masomo ya Ulaya yana sura ndefu kuhusu theluji: theluji hutoka kijivu mpaka mpigaji aongeze nuru kwa mkono. Niliiruka sura hiyo nikisema theluji iko Rwenzori, mimi siendi huko. Lakini theluji yetu ni kanzu! Theluji yetu ni hema jeupe la sherehe na madirisha ya ukumbi saa nne asubuhi. Siku ile ya Julai kamera iliona madirisha na kanzu, ikapunguza nuru, na uso wa mzee ukazama. Jibu lilikuwa ndani ya sura niliyoiruka.

Tiba yake ni rahisi. Karibu kila kamera ina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Penye weupe mwingi nyuma ya mtu, peleka upande wa kujumlisha, hatua moja hadi mbili. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza picha nzima, kamera huongeza nuru kupita kiasi na ngozi hupauka kama imepakwa vumbi. Hapo peleka upande wa kutoa kidogo. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha uteleze kidole ili kupandisha au kushusha mwanga. Bora zaidi, kama mwenye shughuli anakubali, mgeuze mtu alitazame dirisha badala ya kulipa mgongo. Kitambaa cheupe au karatasi ya manila ikishikwa upande wa kivuli hurudisha nuru usoni bila gharama yoyote.

Kanzu na uso kwa pamoja ni mtihani, kwa kuwa kimoja kinataka nuru ipungue na kingine iongezeke. Hapa tazameni histogramu, ile grafu ndogo inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha. Ikirundikana ukutani upande wa kulia, kanzu imeungua na nyuzi zake hazitarudi. Ikirundikana kushoto, uso umezama. Kama kamera yako inaweza, hifadhi faili ghafi badala ya JPEG. Faili ghafi hubeba taarifa nyingi zaidi, na uso uliozama kiasi unaweza kuinuliwa. Picha zangu 43 zilikuwa za JPEG zote.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la bahati mbaya tu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliieleza historia hiyo katika makala ya mwaka 2009. Kampuni zimeanza kujirekebisha. Mwaka 2021 Google ilitoa simu za Pixel 6 zikiwa na utaratibu uliokusudiwa kuonyesha vizuri ngozi za rangi zote. Hata hivyo, hakuna simu inayojua kwamba mtu muhimu katika ukumbi ni yule mzee na si dirisha lililo nyuma yake. Hilo linabaki kuwa jukumu la mpigaji.

Gharama na Ratiba

Najua wanafunzi wengi watauliza kuhusu gharama za intaneti. Mwezi Julai 2021 kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza mwaka 2018, iliondolewa hapa Uganda, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo kila megabaiti inatozwa. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, ilhali masomo ya maandishi na picha hula kidogo sana. Someni maandishi kwanza. Video zipakueni mkiwa kwenye mtandao wa chuo, mkatazame nyumbani. Mmoja akipakua, wengine wanakili kwa kadi ya kumbukumbu.

Ratiba yangu ilikuwa ya majuma sita, kila juma jambo moja tu. Juma la kwanza, tundu: kitu kilekile kwa tundu tano tofauti. Juma la pili, kasi: bodaboda zikipita barabarani, kutoka 1/15 hadi 1/500. Juma la tatu, ISO ndani ya chumba usiku. Juma la nne, kitufe cha kujumlisha na kutoa, mtu akiwa amevaa nguo nyeupe, kisha nguo nyeusi. Juma la tano, mtu mmoja dirishani asubuhi, adhuhuri na jioni. Juma la sita, sherehe halisi. Usifute picha mbaya mpaka umeandika kwa nini ni mbaya. Daftari langu la makosa limenifundisha kuliko picha nzuri chache nilizonazo.

Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Katika safari hii nililazimika kuunda daftari la istilahi. Tundu la lenzi, kasi ya shata, kipima nuru, faili ghafi na histogramu zilikaa vizuri bila ubishi. Nyingine bado zinanisumbua. Kile kiasi cha mbele na nyuma ambacho huonekana wazi katika picha, je, tukiite kina cha udhahiri? Urekebishaji wa rangi ili cheupe kionekane cheupe chini ya taa ya manjano, je, tuuite urari wa weupe? Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam tulibishana sana juu ya istilahi za isimu. Nadhani ubishi kama huo ufanyike pia juu ya vifaa ambavyo wanafunzi wetu wanavishika kila siku mifukoni. Neno lisipokuwapo, mwanafunzi atajifunza kwa Kiingereza na kukumbuka kwa Kiingereza, na Kiswahili tutakiacha kuwa lugha ya kuimbia shairi siku ya sherehe.

Napendekeza mambo mawili ya kufanya darasani. Kwanza, kila mwanafunzi wa utungaji apige picha moja na kuandika maelezo yake kwa Kiswahili katika maneno 80, akieleza pia tundu, kasi na nuru aliyoitumia. Pili, picha bora, kwa ridhaa ya wanaoonekana, zipelekwe Wikimedia Commons zikiwa na maelezo ya Kiswahili, ili mtafutaji atakayeandika kwa Kiswahili baada ya miaka mitano apate zaidi ya nilivyopata mimi.

Hitimisho

Mwezi Novemba mwaka jana nilikwenda na wanafunzi wawili kumtembelea mwalimu mwingine mstaafu, bibi mwenye umri wa miaka 81, ambaye alifundisha Kiswahili katika shule za msingi. Tulimwomba akae akilitazama dirisha. Mwanafunzi mmoja alishika karatasi ya manila upande wa pili. Nilipeleka kitufe upande wa kujumlisha hatua moja, nikatazama histogramu, nikapiga mara tisa. Tulichapisha moja mjini tukampelekea. Aliishika kwa muda, akasema kwamba anaonekana mzee. Kisha akamwita jirani aje aitazame.

Wapo wengine. Kila wilaya ina mmoja au wawili waliobeba lugha hii wakati haikuwa na siku yake. Kamera ya idara iko katika kabati la ofisi, na betri yake imejaa. Anayetaka kuiazima aje na daftari lake la mazoezi ya majuma sita, nitamkabidhi.